Pikseli Mbili Si Urembo

Kuna kauli iliyotamalaki kila inapozungumzwa programu ya kompyuta nchini mwetu, kuanzia vikao vya zabuni Dodoma hadi steshenari za Kibaoni, mjini Ifakara: "Ilimradi inafanya kazi." Mtu akionyesha kwamba kichwa cha safu kimesogea na hakikai tena juu ya visanduku vyake, au kwamba lebo ya "Jina la Mama" inaelea katikati ya visanduku viwili, au kwamba tarakimu za fedha zimepangwa katikati badala ya kuegemea kulia, huambiwa kuwa hayo ni mambo ya urembo. Programu inahifadhi taarifa, inatoa ripoti, inachapa risiti. Unataka nini tena?

Mimi nasema kauli hiyo ni ya makosa, na makosa yake yanalipwa na watu wasiohudhuria vikao inakotamkwa. Mpangilio wa vitu kwenye skrini ni sehemu ya taarifa yenyewe. Kilicho juu ya nini, kilicho mstari mmoja na nini, ndicho kinachomwambia msomaji kwamba namba hii ni ya mtoto huyu, na kiasi hiki ni cha mkulima yule. Ukiuvuruga mpangilio, hata kidogo, umeigusa taarifa.

Wanaoishikilia kauli hiyo wana sababu zao, na nitazitaja kwa haki. Wanasema bajeti ni finyu. Wanasema programu inayopoteza data ni mbaya kuliko programu yenye kitufe kilichokaa upogo. Wanasema pia kwamba sura nzuri yaweza kuficha uozo ndani. Yote matatu ni kweli, na nayakubali. Ila hakuna hata moja linalothibitisha kwamba kupishana kwa vitu kwenye skrini hakuna madhara. Ugonjwa mkubwa kuwapo hakuufanyi ugonjwa mdogo kuwa afya.

Tuanze na dai lao jepesi kuliko yote, kwamba hakuna anayeiona tofauti ya pikseli moja au mbili. Sayansi ya macho inasema kinyume. Jicho zima hutenganisha nukta mbili zikiwa zimeachana kwa kama dakika moja ya pembe, yaani sehemu moja ya sitini ya digrii. Lakini jicho hilohilo likionyeshwa mistari miwili na kuulizwa kama imenyooka au imepishana, hugundua mpishano wa sekunde chache tu za pembe, mdogo kuliko hata nafasi iliyopo kati ya chembe zinazopokea mwanga nyuma ya jicho. Jambo hili limepimwa kwa zaidi ya karne moja, na ndilo linalofanya kipimo cha vernia, ambacho kila mwanafunzi wa fizikia sekondari amekishika mkononi, kisomeke kwa macho matupu.

Sasa tupige hesabu. Kwenye skrini ya kawaida ya mezani yenye pikseli 96 kwa inchi, pikseli moja ina upana wa milimita 0.26 hivi. Mtu aliyekaa sentimita 60 kutoka kwenye skrini huiona pikseli hiyo kwa pembe ya sekunde 90 hivi, kama mara kumi ya kile ambacho jicho linaweza kukigundua. Kwa hiyo kila aliyekaa mbele ya skrini hiyo anaona. Asichokuwa nacho ni mahali pa kulalamikia, au jina la kuliita jambo linalomchosha macho tangu asubuhi.

Jicho halioni tu, linaamua. Mwaka 1923 mwanasaikolojia Max Wertheimer alieleza jinsi akili inavyokusanya vitu katika makundi kabla hata ya kufikiri: vilivyo karibu huhesabiwa kuwa vya pamoja, na vilivyofuatana mstari mmoja huhesabiwa kuwa kitu kimoja. Msomaji wa jedwali hachagui kufanya hivyo. Ukisogeza kichwa cha safu nusu ya njia kuelekea safu ya jirani, umeyaachia macho yake yamchagulie mwenye namba, naye hatajua kwamba amechaguliwa.

Chukua ripoti ya mwezi ya wagonjwa wa nje katika MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya. Kila ugonjwa una mstari wake. Kila mstari unakatwa na makundi ya umri: chini ya mwezi 1, mwezi 1 hadi chini ya mwaka 1, mwaka 1 hadi chini ya miaka 5, miaka 5 hadi chini ya 60, kisha 60 na kuendelea. Kila kundi lina ME, KE na Jumla. Hizo ni safu 15 kabla hujafika kwenye jumla kuu. Jedwali la namna hii likiwekwa kwenye skrini, vichwa vya safu huwa mara nyingi vimegandishwa juu ili visipotee, na visanduku hupita chini yake. Hapo ndipo kosa dogo huzaliwa. Upau wa kusogezea ulioko pembeni hula pikseli 17 hivi za upana wa visanduku, ilhali vichwa vya juu havikupunguziwa chochote. Safu ya kwanza inaonekana sawa. Ya tano imesogea kidogo. Kufikia ya kumi na tano, kichwa na kisanduku havitazamani tena. Sisemi haya kuhusu mfumo fulani. Nasema kuhusu kila jedwali lenye umbo hili, liwe la programu ya taifa au la programu ndogo iliyoandikwa na kijana wa mtaani.

Mtu atasema, tofauti ya safu moja ni nini? Katika Bonde la Kilombero, uliko mji huu wa Ifakara, swali hilo halipaswi kuulizwa. Hapa ndipo Mswisi Rudolf Geigy alipoanzisha maabara katika miaka ya 1950, iliyokuja kukua na kuwa Taasisi ya Afya Ifakara. Hapa, katika kijiji cha Idete, ndipo chanjo ya malaria ya SPf66 ilipojaribiwa kwa watoto mwanzoni mwa miaka ya 1990. Na ni katika wilaya za Kilombero na Ulanga ambako tangu 1996 kaya zilianza kufuatiliwa moja baada ya nyingine, nani amezaliwa, nani amehama, nani amefariki, huku mradi wa KINET ukisambaza vyandarua vyenye dawa. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2001: kwa watoto wa mwezi 1 hadi miaka 4, matumizi ya vyandarua hivyo yaliambatana na ongezeko la asilimia 27 la kuishi. Asilimia hizo zilijengwa kisanduku kwa kisanduku: mtoto huyu, umri huu, kijiji hiki. Mtoto wa miaka minne akiandikwa katika kundi la jirani, tayari ni mtu wa "miaka 5 hadi chini ya 60". Ametoka kwenye hesabu iliyokusudiwa kumlinda, na hakuna kengele itakayolia, kwa sababu kompyuta imepokea namba halali katika kisanduku halali.

Ndiyo maana nasema wanaodai kwamba programu "inafanya kazi" wanapima kitu kisicho sahihi. Wanapima kama kompyuta imepokea. Hawapimi kama imepokea kilichokusudiwa.

Mfano wa pili uko katika kila ofisi ya Ifakara yenye kompyuta, nao ni Excel. Ukiandika namba, Excel huiegemeza kulia. Ukiandika maneno, huyaegemeza kushoto. Wengi hudhani huo ni utaratibu wa sura tu. Sivyo, ni ishara. Karani aliyeandika herufi O mahali pa sifuri, akaweka 12O badala ya 120, ataiona namba yake imekaa kushoto wakati wenzake wote wako kulia. Fomula ya kujumlisha safu itairuka namba hiyo kimyakimya na kutoa jumla pungufu. Tarehe ni hatari zaidi. Kompyuta nyingi huwashwa kwa mara ya kwanza zikiwa na mpangilio wa Kimarekani, unaotanguliza mwezi. Andika 13/05/2024 na kompyuta haitaielewa, kwa kuwa hakuna mwezi wa 13. Itaiacha kama maneno, upande wa kushoto. Andika 05/06/2024 ukimaanisha tarehe 5 Juni, nayo itaigeuza kuwa tarehe 6 Mei na kuiegemeza kulia kwa utulivu kabisa. Safu moja, tarehe nyingine kushoto, nyingine kulia: huko kupishana ndiko ushahidi ulio wazi kuliko wote kwamba tarehe nyingi zimeharibika.

Sasa anatokea mtu wa "urembo", anaona safu haivutii, anaichagua yote na kuiweka katikati. Amefuta ushahidi. Mtu huyo na yule asemaye "ilimradi inafanya kazi" wameshika imani moja, kwamba mpangilio hauna maana. Mmoja anaupuuza, mwingine anauchezea. Hali ni hiyohiyo kwa fedha. Shilingi 1,250,000 na shilingi 125,000 zikiegemea kulia, urefu wake unajitangaza na tofauti inaonekana kabla hujasoma tarakimu. Zikiwekwa katikati, zinafanana mno. Kwa mkulima wa mpunga anayesubiri malipo ya msimu mzima, hilo si suala la ladha.

Kama ushahidi wa nyumbani hautoshi, tutazame nchi ambayo programu nyingi tunazotumia zilitoka. Katika uchaguzi wa Marekani wa mwaka 2000, kaunti ya Palm Beach, jimbo la Florida, ilitumia karatasi ya kura yenye majina pande mbili na safu moja ya matundu katikati. Al Gore alikuwa wa pili katika orodha ya kushoto, lakini tundu lake lilikuwa la tatu; tundu la pili lilikuwa la Pat Buchanan, aliyeandikwa upande wa kulia. Msimamizi alikuwa amepanga hivyo kwa nia njema, ili herufi ziwe kubwa na wazee wasome vizuri. Buchanan alipata katika kaunti hiyo kura zaidi ya 3,400, idadi iliyomshangaza hata yeye mwenyewe. George W. Bush alishinda Florida, na kwa hiyo urais, kwa kura 537.

Miaka sita baadaye, katika jimbo hilohilo, kaunti ya Sarasota ilikuwa imeshahamia kwenye skrini za kugusa. Kinyang'anyiro cha ubunge kiliwekwa juu kabisa ya ukurasa, na chini yake kikaja kinyang'anyiro cha ugavana chenye kichwa kikubwa cha rangi. Jicho lilikwenda kwenye rangi. Wapiga kura kama 18,000 waliondoka bila kuchagua mbunge, na mshindi alipatikana kwa tofauti ya kura 369. Uchunguzi uliofanyika haukukuta hitilafu katika mashine. Watafiti wengi waliolitazama suala hilo waliona mpangilio wa skrini ndio uliohusika zaidi. Mashine ilifanya kazi. Neno hilohilo tunaloambiwa sisi.

Hoja inayofuata ya wapinzani wangu ni kwamba watumiaji huzoea. Ni kweli, huzoea, na ninajua wanavyozoea. Nimewaona makarani hapa Kibaoni wakiweka rula ya plastiki juu ya kioo cha kompyuta ili wafuate mstari mmoja hadi mwisho bila kupotea. Wengine wamekariri kwamba "kisanduku cha nne ndicho cha tatu". Hiyo ni kazi. Ni kazi ambayo mtunzi wa programu alipaswa kuifanya mara moja, akaiacha ifanywe na karani kila siku, kila mstari, bila malipo na bila shukrani. Mazoea hayo pia hayarithishwi. Karani akihamishwa, mgeni anaanza upya kukosea. Toleo jipya likija na kusogeza visanduku, yule aliyekariri ndiye atakayekosea kwa kujiamini kuliko wote.

Tena gharama haiishii kwa karani. Katika steshenari za Kibaoni kijana wa kompyuta huwajazia watu fomu: maombi ya cheti cha kuzaliwa, mkopo wa chuo, ajira. Mwenye shida amesimama nyuma yake akitaja majina. Lebo ikikaa umbali sawa kati ya kisanduku cha juu na cha chini, jina la baba linaingia kwa mama, na fomu inatumwa hivyo. Ikirudi, aliyetoka Mlimba kwa treni ya TAZARA, au aliyevuka daraja la Magufuli kutoka upande wa Ulanga, atalipa nauli nyingine, atalipa steshenari tena, na ataambiwa ni yeye aliyetaja vibaya. Fidia ya kosa la pikseli kumi imetoka mfukoni mwake.

Kwetu tatizo hili lina uzito zaidi kwa sababu ya lugha. Tangu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wake wa Sweden walipotoa Jambo OpenOffice mwishoni mwa 2004, imethibitika kwamba kompyuta inaweza kuzungumza Kiswahili. Lakini programu nyingi bado huchorwa kwanza kwa Kiingereza, visanduku vikapimwa kwa maneno mafupi, kisha Kiswahili kikaja kupachikwa humo. Maneno yanakatwa, yanapanda juu ya mistari, yanasukuma vitufe nje ya mahali pake. Vitufe viwili vinavyosomeka "Thibitisha ku…" na "Thibitisha ku…" ni mtego, hasa kimoja kikiwa cha kupokea na kingine cha kukataa. Mtumiaji akirudi kwenye Kiingereza kwa kuchoka, tunaambiwa Watanzania hawapendi programu za lugha yao. Walichokataa ni kazi mbovu.

Wako pia wasemao kwamba mtaalamu wa kweli hashughuliki na vitu vidogo namna hii. Donald Knuth ni miongoni mwa wataalamu wakubwa kabisa wa sayansi ya kompyuta. Mwaka 1977 alipoletewa nakala za majaribio za kitabu chake cha hesabu za kompyuta, aliona herufi na nafasi zimepangwa vibaya, akakasirika. Aliiacha kazi aliyokuwa akiifanya, akaunda programu ya kupanga maandishi, TeX, na shughuli hiyo ilimchukua miaka mingi. Ndani ya TeX, nukta moja ya wachapaji imegawanywa katika sehemu 65,536, ili pasiwe na kisingizio cha kupishana. Wanahisabati duniani kote wanaitumia hadi leo. Basi asituambie mtu kwamba usahihi wa mpangilio ni wa wasiojua kuandika programu.

Inabaki hoja ya fedha, na hapo wakulima wa bonde hili wana somo. Kilimo shadidi cha mpunga kilipoletwa, kilitaka mche mmoja mmoja, kwa kamba, sentimita 25 kwa 25. Kwa aliyezoea kumwaga mbegu, ile mistari ilionekana ni kupoteza muda kwa ajili ya sura. Kumbe mstari ndio unaoipa mashine ya palizi njia ya kupita, na ndio unaoupa mche nafasi ya kutoa machipukizi. Muda uliotumika kwenye kamba hurudi wakati wa palizi na wakati wa kuvuna. Ndivyo ilivyo kwa programu: kurekebisha upana wa safu wakati wa kuandika ni kazi ya saa chache, kusahihisha rekodi za mwaka mzima zilizoingia safu ya jirani ni kazi isiyokwisha.

Kwa hiyo nasema na wale wanaotia saini ya kupokea programu kwa niaba yetu, katika halmashauri, vituo vya afya, vyama vya ushirika na SACCOS. Msikubali kuonyeshwa programu kwenye skrini pana ya muuzaji peke yake. Ifungueni kwenye kompyuta kuukuu ya karani, yenye skrini ya pikseli 1366 kwa 768, herufi zikiwa zimekuzwa hadi asilimia 125 kama wanavyofanya wenye macho yaliyochoka. Jazeni majina marefu ya kweli na fedha za mamilioni. Tazameni kama kila kichwa kiko juu ya safu yake hadi safu ya mwisho, kama kila lebo iko karibu na kisanduku chake kuliko cha jirani, kama namba zimeegemea kulia. Palipopishana, andikeni kuwa ni kosa, lenye namba na tarehe ya kurekebishwa, kama mnavyoandika makosa mengine. Na saini ya kwanza iwe ya karani atakayeitumia.

Kwenu vijana mnaoandika programu, Ifakara, Dar es Salaam na kwingineko: mtu akiwaambia "imepishana", msimjibu kwamba inafanya kazi. Fungueni mrekebishe. Programu ambayo msomaji hawezi kujua namba ipi ni ya nani haijafanya kazi bado.